Kikosi kipana cha raga: mwongozo kamili wa kuchagua wachezaji, kutoka Kigoma

Timu ya taifa ya raga ikitajwa, wengi hukimbilia kusoma majina ya wale 15 wa kwanza. Mimi nakuomba uanze na swali jingine. Namba 2 akitoka dakika ya tatu, nani anaingia? Na huyo anapoingia, ni wachezaji wangapi walioko uwanjani watalazimika kuhama nafasi zao? Ukiwa na jibu la swali hilo kwa namba zote 15, kikosi chako ni kipana. Usipokuwa nalo, hata wachezaji 40 hawatakusaidia.

Nafundisha raga Kigoma, vijana wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi. Huu ni mkoa wa mpira wa miguu, na raga tunaijenga kwa kuokota mchezaji mmoja mmoja. Hata hivyo kazi ya kuchagua haibadiliki sana, uwe na vijana 24 kwenye uwanja wa vumbi au wachezaji 33, idadi iliyoruhusiwa kwa kila timu kwenye Kombe la Dunia la 2023. Ninayoyaeleza hapa nimejifunza kwa kufuatilia timu za taifa zilivyochagua, zilivyopatia na zilivyoponea chupuchupu, kisha nikayaleta kwenye kaunta buku langu.

Nililinunua kaunta buku hilo baada ya safari moja ya Tabora. Tulipanda treni, kilomita zipatazo 400 za Reli ya Kati, tukashuka tumechoka lakini tuna hamu ya mechi. Kabla ya mapumziko namba 12 wangu akaumia bega. Nikamvuta namba 13 kuwa 12, namba 15 nikampeleka 13, winga wa kushoto nikamrudisha 15, halafu nikaingiza kijana wa akiba kwenye winga. Mtu mmoja ameumia, nafasi nne zimeguswa. Wenzetu wakafunga trai tatu, yaani waliweka mpira chini nyuma ya mstari wetu wa goli mara tatu, zote kupitia upande huohuo nilioubomoa kwa mikono yangu. Tungekuwa na senta mmoja aliyeandaliwa, angeingia yeye na wengine wote wangebaki walipo. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: pengo moja lizibwe na mtu mmoja.

Hatua ya 1: Amua mtachezaje kabla ya kuandika jina

Hapa usikae sana, lakini usiruke. Timu itakayopiga mpira mbali na kuukimbiza inahitaji namba 15 na mawinga wanaodaka mipira ya juu bila woga. Timu itakayosukuma na kubana inahitaji watu wanane wa mbele wenye pumzi, na wengine wa kuwapokea. Angalia pia uwanja na majira. Kwetu wakati wa masika mpira unateleza kama sabuni, kwa hiyo napunguza pasi ndefu na kutafuta wapigaji. Andika sentensi mbili juu ya ukurasa: tutapataje mpira, na tukiupata tutaupeleka wapi. Kila jina litakalofuata lijibu sentensi hizo.

Hatua ya 2: Chora jedwali la nafasi

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Chora safu wima 15, namba 1 hadi 15: propu ni 1 na 3, huka ni 2, loku ni 4 na 5, flanka ni 6 na 7, kisha namba nane, 9 ni skramu hafu, 10 ni flai hafu, 12 na 13 ni masenta, 11 na 14 ni mawinga, 15 ni fulubeki. Chini ya kila namba acha nafasi za majina matatu.

Sasa tumia kalamu tatu. Wino mweusi ni kwa mtu anayeweza kuanza Jumamosi hii. Wino wa bluu ni kwa anayeweza kumalizia dakika 20 za mwisho bila timu kuyumba. Penseli ni kwa mwenye kipaji ambaye bado anahitaji mwezi au zaidi wa mazoezi. Kuwa mkweli na kalamu zako. Ukiandika kwa wino mweusi jina linalostahili penseli, utakayemuumiza ni kijana huyo.

Jedwali likishajaa, lipime. Funika jina moja la juu kwa kidole, kisha sema kwa sauti nani anaingia. Hesabu majina yaliyohama. Likihama moja, endelea na namba inayofuata. Yakihama mawili, weka alama. Yakihama matatu au zaidi, andika namba hiyo pembeni kwa maandishi makubwa, maana hapo ndipo mazoezi ya mwezi ujao yanapoanzia. Ukimaliza zote 15, rudia kwa kufunika majina mawili kwa pamoja. Majeruhi hawaji kwa foleni. Anza na 9 na 10, halafu 2 na 3, halafu 4 na 5, kwa sababu jozi hizo zinafanya kazi zikiwa zimeshikana.

Hatua ya 3: Jaza mstari wa mbele kwanza

Makocha wengi wapya huanza na mawinga kwa sababu mbio zinaonekana. Anza na 1, 2 na 3. Sheria yenyewe inakulazimisha. Ukiorodhesha wachezaji 15 au pungufu, watatu lazima wawe wamefundishwa kucheza mstari wa mbele. Ukiwa na 16 hadi 18, wawe wanne. Ukiwa na 19 hadi 22, watano. Ukifikisha 23, wawe sita, ili propu wa kushoto, huka na propu wa kulia kila mmoja awe na mbadala wake. Wakikuishia uwanjani, mwamuzi ataamuru skramu, pale wanane wa kila timu wanapofungana kugombea mpira, zichezwe bila kusukumana, na silaha yako kubwa itakuwa imekufa.

Sababu ya sheria hiyo ni shingo za watu. Skramu ikibomoka, mzigo wote unamwangukia aliye mbele, na asiyefundishwa hajui aweke wapi kichwa wala mgongo. Kwa hiyo usimwombe mtu "ajaribu tu" kuwa propu kwa sababu ana mwili mkubwa. Kibirizi nina vijana wanaopakua madumu ya mawese na magunia ya dagaa kutwa nzima, migongo yao imeshiba kazi, lakini hata hao nawapitisha ngazi kwa ngazi: mmoja kwa mmoja, watatu kwa watatu, watano kwa watano, ndipo wanane kwa wanane. Anayeshindwa kunyoosha mgongo ngazi ya kwanza habanduki hapo. Kwa walio chini ya miaka 19, sheria inazuia kusukuma zaidi ya mita moja na nusu, na mimi nashukuru kwa hilo. Kumbuka pia kwamba propu wa kulia na wa kushoto hawafanani: namba 1 kichwa chake kiko huru upande wa nje, namba 3 kichwa chake kinabanwa pande zote mbili. Aliyezoea kushoto usidhani atahamia kulia bila mafunzo.

Tazama Afrika Kusini mwaka 2023 huko Ufaransa. Huka wao mkubwa, Malcolm Marx, aliumia goti mashindano yakiwa yameshaanza. Ungedhani wataita huka mwingine. Wakamwita Handré Pollard, namba 10. Kwenye kikosi akabaki huka mmoja tu wa asili, Mbongeni Mbonambi, na nyuma yake flanka aliyewahi kufanya kazi hiyo, Deon Fourie, mwenye miaka 37. Siku ya fainali dhidi ya New Zealand, Mbonambi akaumia dakika ya tatu tu. Fourie akacheza karibu mechi nzima. Lainauti zao, pale huka anaporusha mpira kutoka pembeni ya uwanja, ziliteseka, lakini skramu ilisimama, na pointi zote 12 za Afrika Kusini zilitoka kwenye mguu wa Pollard, penalti nne. Matokeo yakawa 12 kwa 11.

Watu hubishana kama ule ulikuwa ujasiri au bahati. Mimi naona walikuwa wamefunika jina kwa kidole mapema. Walijua gharama ya kumtegemea Fourie, wakailinganisha na gharama ya kukosa mpigaji wa kuaminika, wakachagua. Fourie hakuokotwa siku ile; kurusha mpira wa lainauti na kufunga skramu alishavifanya miaka mingi. Wewe ukitaka kuwaiga, hakikisha flanka wako naye ameshapita ngazi zile nne.

Hatua ya 4: Uti wa mgongo, na hasa namba 10

Baada ya mstari wa mbele, jaza 8, 9, 10 na 15. Hawa ndio wanaoamua mpira uende wapi. Mahali pa kukaa zaidi ni namba 10, kwa sababu mwili wake hufundishwa kwa miezi lakini uamuzi wake hujengwa kwa misimu.

New Zealand walijifunza hilo nyumbani kwao kwenye Kombe la Dunia la 2011. Dan Carter, namba 10 bora wa zama zake, aliumia kinena mazoezini wakati wa hatua ya makundi. Colin Slade akashika nafasi, akaumia robo fainali. Aaron Cruden akaingia, akaumia goti kwenye fainali yenyewe kabla ya mapumziko. Aliyeingia ni Stephen Donald, ambaye hakuwa hata kwenye kikosi kilichotangazwa mwanzo. Simu ya kumwita ilimkuta akiwa kwenye uvuvi wa samaki wadogo mtoni. Wavuvi wangu wa dagaa huipenda hadithi hii kuliko zote. Donald akapiga penalti kipindi cha pili, New Zealand wakaishinda Ufaransa 8 kwa 7.

La kujifunza hapo ni kwamba namba 10 wa nne alikuwa ameshaichezea timu ya taifa kabla, anawajua wenzake na alama zao za siri. Kwa hiyo safu yako ya tatu isiwe ya wageni. Mara moja kwa wiki mimi huwaondoa kwa makusudi namba 9 na 10 wa kwanza katikati ya mazoezi, bila kutangaza, na timu iendelee. Mwanzoni kulikuwa na kelele na mipira kuanguka. Sasa namba 10 wa pili anaita miito kwa sauti yake mwenyewe na wenzake wanamsikia.

Hatua ya 5: Mhesabu kiraka mara moja

Mchezaji kiraka ni baraka. Anayecheza 10, 12 na 15 anakuokolea nafasi mbili kwenye benchi. Shida huja jina lake linapotokea mara tatu kwenye jedwali, nawe ukajiona una watu watatu. Una mmoja. Akishaziba 12, hayuko tena 15. Pigia mstari jina lake kila lilipo, halafu lifute kote isipokuwa sehemu moja na urudie jaribio la kidole. Mashimo yatakayojitokeza ndiyo ya kweli.

Na kiraka mwenyewe mtendee haki. Mpe nafasi moja ya nyumbani anayoifanyia mazoezi siku nyingi. Kijana anayezungushwa kila wiki huishia kuwa wa pili kila mahali, na mwishowe huchoka na kuacha.

Hatua ya 6: Majaribio, na mwezi wa angani

Kabla ya kupanga tarehe ya majaribio, jua watu wako wanaishije. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Ukiweka majaribio wakati wa giza, kijana atakuja amekesha majini, atakimbia vibaya, nawe utamwandika mvivu. Mimi huyapanga siku za mbalamwezi. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, niliwaona wavuvi wangu uwanjani kila jioni na ndipo nilipojua nilikuwa nimewapima kimakosa misimu miwili. Makocha wa timu za taifa nao wana giza lao: mchezaji anayetoka kwenye klabu iliyomchezesha wiki kumi mfululizo hapimwi sawa na aliyepumzika.

Kupima pumzi hakuhitaji mashine. Weka alama kwenye mita 20, 40 na 60. Mchezaji aende na kurudi 20, aende na kurudi 40, aende na kurudi 60, hiyo ni raundi moja. Raundi tano bila kupumzika ni mita 1,200. Andika muda wake na urudie baada ya wiki sita. Maendeleo yake mwenyewe yana maana zaidi kuliko kumlinganisha na mwenzake.

Kisha wacheze, nawe usimwangalie mwenye mpira. Mwangalie aliyetoka kukaba: anainuka upesi au anabaki chini akijipangusa vumbi? Mwangalie winga wa upande ambao mpira haupo. Magolikipa wa mpira wa miguu wananipa manamba 15 wazuri kwa sababu hawaogopi mpira wa juu, na viungo wa kati wanaona nafasi kabla ya wenzao, kwa hiyo huwajaribu kwenye 10.

Hatua ya 7: Benchi

Kwenye mechi ya kimataifa benchi lina watu wanane. Mgawanyo wa kawaida ni watano wa mbele na watatu wa nyuma. Afrika Kusini mwaka 2019 walitumia sita kwa wawili hadi kuifunga Uingereza 32 kwa 12 kwenye fainali, na benchi hilo likajulikana kama kikosi cha mabomu. Fainali ya 2023 wakaenda saba kwa mmoja: mchezaji wa nyuma alikuwa Willie le Roux peke yake, wala hakukuwa na namba 9 wa akiba. Faf de Klerk ilibidi acheze dakika zote 80.

Usiige saba kwa mmoja kwa sababu imeshinda kombe. Inawezekana tu pale ambapo wa nyuma walioko uwanjani wanaweza kubadilishana, na wa mbele wanaoingia ni wazuri sawa na wanaotoka. Kwa timu changa nashauri watano kwa watatu, na kati ya hao watatu mmoja awe namba 9 kamili. Namba 9 anagusa karibu kila mpira, na ndiye pengo gumu kuficha.

Jambo dogo linalosahaulika: mchezaji wa mstari wa mbele aliyetolewa kwa kupumzishwa anaweza kuruhusiwa kurudi kama mwenzake wa mstari wa mbele ataumia. Kwa hiyo asivue viatu kwenda kuoga. Na aliyegongwa kichwa akaonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo, katika ngazi yetu hii, harudi tena siku hiyo, hata kama ni namba 10 na imebaki dakika moja. Kikosi kipana kinakupa nafasi ya kusema hapana bila kutetemeka.

Hatua ya 8: Umri na makaratasi

Kombe la Dunia huja kila miaka minne, lijalo likiwa 2027 Australia. Kando ya kila jina andika umri atakaokuwa nao siku ya mashindano unayoyalenga. Ukiona namba moja ina watu watatu wote waliopita miaka 33, mpe kijana dakika sasa, kwenye mechi ambazo kosa lake halitagharimu kombe.

Kwa timu ya taifa, mchezaji awe amezaliwa nchini, au mzazi au babu au bibi yake amezaliwa humo, au awe amesajiliwa na chama cha raga cha nchi hiyo pekee kwa miezi 60 mfululizo. Kigoma tuna familia zilizotawanyika pande zote za ziwa, kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa vifuatilie mapema, kabla barua ya wito haijafika.

Hatua ya 9: Kutaja majina

Wanaoachwa waambie kwanza, uso kwa uso, mmoja mmoja, kabla orodha haijasomwa. Mwambie mambo matatu: kwa nini, afanye nini, na lini utamwangalia tena. Kijana mmoja wa Ujiji nilimwacha nje kwa sababu ya kukaba kwa juu. Nilimwita chini ya mwembe, nikamwonyesha kwa mikono pahala pa kuweka bega. Akaniambia, "Mwalimu, mbona hili hukuniambia mwezi uliopita?" Alikuwa na haki. Siku hizi naandika sababu kwenye jedwali siku ninapoiona, na kumwambia wiki hiyohiyo.

Anayeachwa leo ndiye atakayepigiwa simu kesho. Ukimwachia kidonda, simu hataipokea.

Hatua ya 10: Jumatatu, futa na uandike upya

Kila Jumatatu baada ya mechi fungua jedwali. Nani amepanda kutoka bluu kwenda nyeusi, nani anauguza mguu, nani amepata kazi ya kumtoa mjini. Rudia jaribio la kidole. Inachukua nusu saa.

Leo ukurasa wangu una tundu moja: chini ya namba 2, safu ya tatu, kuna penseli tu. Ni kijana wa Kibirizi mwenye mabega ya mpakuzi na mikono ambayo bado inakamata mpira kama dumu. Ameshapita ngazi zote nne za skramu. Kinachomshinda ni kurusha lainauti. Nimemchorea alama ya chaki kwenye shina la mchikichi, mita tatu na nusu kutoka chini, naye anasimama hatua tano nyuma kila jioni baada ya kazi na kurusha mara 20. Jana aligonga alama mara 11. Akifikisha 16 siku tatu mfululizo, nafuta penseli na kuandika jina lake kwa wino wa bluu.